Hotuba ya King ilikuwa na hundi kabla ya ndoto

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi pasipo kukuandikia, lakini taarifa yako kuhusu sikukuu ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, iliyopambwa kwa kipande kilekile cha “Nina ndoto” kutoka hotuba yake, imenishinda kunyamazia. Kabla ya ndoto, siku ile ya tarehe 28 Agosti 1963 jijini Washington, King aliishtaki Marekani kwa kuwapa raia wake weusi hundi isiyo na fedha benki, na maandamano yenyewe yalidai ajira pamoja na uhuru. Hayo hamkuyachapa.

Si ninyi peke yenu. Katika mahubiri ya Februari 1968 kanisani Ebenezer, Atlanta, King alisema kwamba watu wakitaka kumwita kiongozi wa bendi, basi waseme alikuwa kiongozi wa bendi ya haki. Wachongaji wa mnara wake, uliofunguliwa mwaka 2011, wakaliacha lile “wakitaka”, na mtu aliyekuwa akikemea majivuno akaonekana anajisifu mwenyewe, mpaka maandishi yakaondolewa mwaka 2013.

Nilipokuwa nikifanya usafi katika jengo moja la ofisi huko Marekani, sikukuu hiyo iliadhimishwa kwa keki yenye picha yake, na bango la ndoto likabandikwa ukutani, juu kidogo ya ndoo zetu za kupigia deki. Sisi tulioletwa na wakala hatukuwa na mapumziko wala malipo ya ziada; tuliambiwa tusimame kando hadi wakubwa wamalize kula, ndipo tuzoe makombo, na msimamizi aliyekuwa amekataa kutununulia glavu ndiye aliyesoma nukuu kwa sauti ya kutetemeka. Huyo King wanayemlia aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968, alikokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa lori la taka!

Hapa Nairobi nako Tom Mboya, mtetezi wa wafanyakazi ambaye King alimwandalia karamu Atlanta mwaka 1959, amebaki sanamu na mtaa wa kupandia matatu.

Napendekeza kwamba yeyote atakayeikata keki ya King mwakani aisome kwanza aya ya hundi, yote, akiwa amesimama, mbele ya wafagiaji walioketi, na kisu kikabidhiwe kwao.

Msomaji wako,
Nairobi