Mabuu Wasioshwe Kabla ya Kuulizwa: Risala ya Chama cha Sayansi

Mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, hamjambo?

Karibu shuleni kwetu hapa Kisumu. Tulipoambiwa kwamba mgeni wetu siku ya leo ni afisa wa upelelezi, tulikubaliana kuacha habari za madawati na mabomba ya maabara. Tunataka kukueleza kazi tuliyoifanya muhula mzima, nayo ni ya wadudu wanaoufikia mwili wa aliyekufa, ambao umri wao humsaidia mpelelezi kukadiria siku ya kifo.

Mzazi mmoja, mfugaji wa Ahero, alitupa vitoto viwili vya nguruwe vilivyolaliwa na mama yao. Watafiti wengi hutumia nguruwe mahali pa mwili wa binadamu. Kimoja tulikilaza mahali wazi nyuma ya shamba la shule, kingine tukakiviringisha blanketi kuukuu, vyote chini ya matundu ya waya ili mbwa wasifike. Hata hatujamaliza kukaza waya, nzi wa kijani wanaong'aa, wa jamii ya Chrysomya, wakawa wameshatua. Jioni tukaona mayai meupe puani, mdomoni na kwenye pembe za macho. Kesho yake mabuu wakaanguliwa. (Tunasema mabuu makusudi, maana funza kwetu ni wale wa kuingia miguuni.) Walijivua ngozi mara mbili, wakanenepa, kisha wakauacha mzoga na kujifukia udongoni wageuke pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi. Kwenye blanketi mambo yalichelewa: nzi walizunguka juu ya kitambaa bila kupata pa kupenya, na mayai ya kwanza tuliyaona siku ya tatu.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba mabuu hawasemi mtu alikufa saa ngapi. Wanasema nzi alimfikia lini, na mpelelezi ndiye wa kuuliza kilichomchelewesha nzi.

Jambo la pili ni joto. Mdudu hana joto lake mwenyewe la kudumu kama sisi. Hukua haraka kukiwa na joto na kuzubaa kukiwa na baridi. Tuseme aina fulani haikui joto likiwa chini ya nyuzi 10. Siku yenye wastani wa nyuzi 25 humpa buu nyuzi 15 za kukulia, lakini siku ya nyuzi 17 humpa 7 tu. Kwa hiyo buu wa ukubwa uleule, akiokotwa penye joto kama Kisumu au penye baridi kama Eldoret, anatoa majibu mawili tofauti. Tena mabuu wakisongamana huzalisha joto lao, kwa hiyo kipimajoto kiwekwe hewani na pia katikati ya kundi.

Elimu hii si ngeni duniani. Mwaka 1247, Song Ci wa Uchina aliandika kisa cha mtu aliyeuawa kwa mundu. Wanakijiji waliamriwa kuweka miundu yao chini, na nzi wakaukusanyikia mmoja tu, kwa sababu ya damu isiyoonekana kwa macho. Mwenyewe akakiri.

Mgeni wa heshima, sote tunakumbuka Januari 2022, habari za miili iliyoopolewa Mto Yala, na familia zilizosafiri kutoka mbali kutafuta watu wao. Mwili ukiwa majini nzi hutaga sehemu iliyo juu ya maji tu, na kazi ya kukadiria siku huwa ngumu zaidi. Tuliposoma habari zile ndipo tulipochagua mradi huu. Mzazi anayetafuta mwanawe anastahili kujua walau ni siku gani.

Ombi letu ni hili. Mwili unapopatikana, huoshwa na kupuliziwa dawa haraka, kwa heshima ya marehemu, nasi heshima hiyo tunaielewa. Lakini kabla ya maji kumwagwa, afisa aokote mabuu wakubwa kuliko wote, na udongo wa chini na wa kando ambamo pupa hujificha. Nusu ya mabuu watiwe katika maji ya moto wasisinyae, kisha wahifadhiwe kwenye spiriti. Nusu nyingine wawekwe hai pamoja na kipande cha maini hadi wawe nzi, maana nzi mzima hutambulika aina yake kwa urahisi. Joto na saa viandikwe. Chupa mbili, kipimajoto na kalamu vinatosha.

Tunaomba pia utuombee nafasi ya kuzuru kituo cha icipe kule Mbita, taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Risley Odhiambo mwaka 1970. Tuna chupa kumi na nne za nzi tuliowalea wenyewe, na aina tatu bado zimetushinda kutambua. Tungependa kwenda nazo.

Ni sisi, wanachama wa Chama cha Sayansi.