Barua kwa Iddi: hawakukupa hata kiroba kimoja unyanyue

Vingunguti, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Ndugu yangu Iddi,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi tu wazima, watoto wanaendelea na shule, na mama yangu bado anakuulizia kila anapopika samaki wa kupaka. Mfikishie mama shikamoo yangu, mwambie na dawa za presha asiache.

Ujumbe wako wa Jumatano niliusoma mara tatu. Nilitaka kujibu palepale kwa simu nikashindwa, maana kila nilichoandika kilikuwa hasira tupu. Ndiyo sababu leo nimekaa na karatasi.

Unasema mlifika getini kwa kile kiwanda saa kumi na mbili alfajiri, watu kumi na wawili, kutafuta kibarua cha kupakua viroba, mkapangwa mstari. Afisa utumishi akapita nyuma yenu, alipofika kwako akapiga makofi kisogoni. Hukugeuka, kiziwi utayasikiaje makofi. Ulipoona wenzako wanacheka ndipo ukajua kuna jambo. Kisha akakuandikia kwenye kikaratasi: "Kazi ya nguvu hii. Foklifti itakugonga." Ukatoka. Hawakukupa hata kiroba kimoja unyanyue.

Kazi ya nguvu! Iddi, mimi nguvu zako nazijua tangu tukiwa vijana pale sokoni Buguruni, yakija malori ya nazi ya Mkuranga. Mimi gunia moja lilinitoa jasho mpaka machoni. Nikilitua, nakuona wewe unarudi garini kwa mara ya pili. Na yule mzee mwenye nazi hakuwahi kutuuliza habari za masikio yako. Alikunyooshea vidole vitano, ukapeleka magunia matano, akakulipa matano. Basi. Mzee yule hakuwa na ofisi wala cheo, lakini kazi yake aliijua.

Sasa nikueleze kinu chetu cha kusaga mahindi kulivyo ndani, maana mwaka wa kumi na mmoja huu nimo humo. Mashine zote zikiwashwa, mtu akisimama mkono mmoja kutoka kwako akakwambia jambo, unaona midomo tu. Wataalamu wanasema kelele za desibeli 85 kwa saa nane ndio mwisho wa mtu kuvumilia bila kuanza kuharibu masikio, kwa hiyo pale mlangoni kuna boksi la vizibo vya masikio, na asiyevaa haingii. Umeelewa? Kwanza unaziba masikio, ndipo unaruhusiwa kufanya kazi. Halafu anakuja mtu amevaa shati la kupigwa pasi anasema kiziwi hawezi kazi hii.

Wala sisemi kwamba tukiwa mle ndani tunakuwa kama wewe. Wewe una lugha kamili mikononi. Sisi tuna vidole viwili vitatu vya kubahatisha. Mimi nina afadhali kidogo kwa sababu ulinifundisha kwenye ukuta wa Shule ya Viziwi Buguruni, wewe ukiwa ndani ya uzio, mimi nje, mpaka mlinzi akitufukuza. Juzi nilimwonyesha kijana wetu wa mkandani alama yako ya "subiri". Tangu hapo wote wanaitumia.

Na hili la kugongwa nataka uniamini, kwa sababu aliyegongwa nilimwona. Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, utingo mmoja alikuwa nyuma ya lori anafungua turubai. Lori likarudi nyuma. Dereva alipiga honi, tena mara mbili. Utingo yule ana masikio mawili mazima. Kinu kilikuwa kinasaga, honi ikamezwa, akabanwa kwenye ukingo wa jukwaa la kupakulia. Paja likavunjika. Nilimshika kichwa mpaka gari la wagonjwa lilipofika, na neno alilokuwa akirudia ni moja tu: "Sikusikia, bro. Sikusikia."

Baada ya hapo ndipo mambo yakabadilishwa. Hakuna gari linalorudi nyuma mpaka dereva amwone kwa macho mtu mwenye kizibao cha manjano aliyenyoosha mkono. Ngumi juu, simama. Dereva asipouona mkono, hagusi gia. Foklifti zikawekewa taa ya buluu inayomulika sakafuni mbele yake, kwa hiyo unauona mwanga kwenye kona kabla ya mashine yenyewe. Chini tumechora mistari: huku watu, huku mashine. Kwenye ile kona ya stoo ya pumba kimetundikwa kioo cha mbinuko. Niambie wewe, katika hayo yote, lipi linahitaji sikio? Tumeyaweka kwa ajili yetu sisi wenye kusikia, na yote ni ya macho.

Ninayokueleza sasa ni mazito kwangu. Miaka minne nyuma, kabla ya ajali ile, alikuja kijana kiziwi getini kwetu kutafuta kibarua. Mwili wake ulikuwa mkubwa, mikono ya kazi. Meneja akanigeukia, maana msimamizi wa ghala ni mimi: "Unaonaje?" Nikasema, "Hatari, bosi." Neno hilohilo. Mimi, niliyekula nawe sahani moja. Sikumwonyesha hata alama moja ya salamu, ingawa najua. Alinitazama midomo, akaelewa, akaondoka. Nimekuwa nikimkumbuka mara nyingi, na tangu Jumatano namkumbuka kila saa. Sikukwambia wakati ule kwa aibu. Leo nakwambia kwa sababu nataka ujue kwamba yule aliyekupigia makofi kisogoni namwelewa kuliko ninavyopenda. Hakuipima kazi. Aliogopa, na woga wake akauita usalama.

Tuseme na ukweli mwingine. Zipo kazi ambazo hungeweza, na mimi ningekuwa wa kwanza kukwambia. Yule anayeongoza winchi bandarini kwa redio ya mkononi, asiyemwona dereva kwa sababu yuko ndani ya tumbo la meli, pale sauti ndiyo kazi yenyewe. Lakini kupakua viroba? Kazi ni kuchukua kiroba hapa na kukipanga pale, sawasawa, bila kukipasua na bila kuumia. Kupigiana kelele "pisha! pisha!" si sehemu ya kazi hiyo, ni mazoea yetu tu. Walichokukatalia ni mazoea.

Hata hiyo "nguvu" yenyewe inayoandikwa kwenye matangazo, ikichunguzwa ina mengi. Mapendekezo ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1967 yanaweka kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima. Na wewe unajua lumbesa zinazotua mabegani mwa makuli hapa mjini, magunia yanayopita hata kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria ya vipimo. Mara nyingine nguvu inayodaiwa ni mwenye mali kukataa kununua toroli. Toroli moja ya paleti ingempa ajira mtu mwenye mguu mbovu, na mgongo wangu mimi nao ungekuwa mzima leo. Haya ni yangu, lakini ndiyo ninayoyafikiria nikiwa nimelala chali usiku.

Sasa sheria, kwa sababu uliniuliza kama kuna pa kwenda. Papo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Ulisema kiwanda hicho kina watu kama 200. Basi wawe sita. Uliona hata mmoja? Halafu kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inamlinda hata anayeomba kazi, si aliyeajiriwa tu. Inamruhusu mwajiri kumwacha mtu ikiwa hitaji la msingi la kazi hawezi kulitimiza, lakini ukishaonyesha kwamba kuna dalili ya ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Atathibitisha nini yule, na kiroba hakukupa?

Kupima afya kabla ya kuanza kazi ni jambo halali, liko kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Ila hupimwa na daktari. Makofi kisogoni si kipimo cha daktari yeyote.

Ukitaka kulalamika, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, hapohapo mkoani, unajaza fomu namba 1. Una siku 60 tangu siku uliyokataliwa, kwa hiyo usikae ukingoja hasira zipoe. Kile kikaratasi alichokuandikia bado unacho? Kama unacho, kitie kwenye bahasha, usikikunje tena. Andika majina ya wawili watatu mliopanga nao mstari. Na usiende bila mkalimani. Waone CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wakusaidie kumpata anayeijua lugha ya alama vizuri, asiwe mpwa wako, maana watoto hufupisha maneno. Gharama za mkalimani na nauli tutachanga, mimi na kaka yako tumeshaongea.

La mwisho ni hili. Ijumaa niliingia ofisini kwa meneja wetu. Nilimkumbusha yule kijana wa miaka minne iliyopita, nikamwambia jibu langu siku ile lilikuwa baya na nimelijutia. Alikaa kimya muda mrefu akizungusha kalamu. Kisha akauliza unakaa wapi. Msimu wa mahindi unaanza na tunachukua vibarua, akasema uje ufanye kazi zamu moja nzima kama wengine wote, mzigo uleule, saa zilezile, akuone. Si ahadi ya ajira, usije ukafunga virago vyote. Lakini ni kiroba, Iddi. Utakinyanyua.

Uje Jumapili ijayo ulale kwetu, Jumatatu twende pamoja. Beba kitambulisho cha NIDA na picha mbili ndogo. Buti usinunue, nina jozi ya ziada, mguu wako na wangu ni sawa tangu zamani. Vijana wa zamu yangu ni wanane. Nimewaambia Jumamosi tubaki nusu saa baada ya kazi niwafundishe alama tano: simama, rudi nyuma, ngoja, hatari, nisaidie kutwika. Ya "kutwika" nimeisahau, nimeijaribu mbele ya kioo mikono imekataa. Nitumie video kabla ya Jumamosi, na uifanye polepole.

Wako,
Hamisi