Fulana ya chungwa haitoshi

Mhariri,

Kila ikaribiapo Septemba 30, shule za huku Kanada huwavisha watoto fulana za rangi ya chungwa kwa ajili ya kisa cha Phyllis Webstad, wa jamii za wenyeji asilia, aliyevuliwa shati lake jipya la rangi ya chungwa siku ya kwanza ya shule ya bweni, zile zilizowatenga watoto wa jamii hizo na utamaduni wao, mwaka 1973, akiwa na miaka sita. Sawa. Ila binti yangu hurudi na fulana tu, bila hata jina la kabila ambalo ardhi yao ndiyo uwanja wake wa michezo. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo za bweni, ilitaka mwaka 2015 historia yake ifundishwe tangu chekechea. Basi wazee wa jamii za wenyeji asilia waalikwe darasani, tena walipwe, hata Februari, si Septemba tu.

Mzazi,
Winnipeg, Kanada