Barua kwa mwanangu Neema: sindano ya tatu ni tarehe 8

Usa River, 6 Januari

Mwanangu Neema,

Mama yako na mdogo wako wanakusalimu. Hatujambo. Nimeamua kuandika kwa sababu jana usiku nimekupigia mara mbili na mara zote mbili umesema "Baba, nimekuelewa", na mimi naijua sauti yako ukitaka mtu akate simu. Halafu kuna kitu ndani ya bahasha hii ambacho hakitumwi kwa simu.

Leo asubuhi mama yako alikuwa anafua ile ovaroli yako ya bluu. Kwenye mfuko wa nyuma amekuta filimbi, kipande cha kamba na kadi yako ya sindano za kichaa cha mbwa imekunjwa mara nne. Umekumbuka chaja, umekumbuka mafuta ya nazi, kadi umeiacha kwenye nguo ya kusafishia mabanda. Bahati alipekua kabla ya kuiloweka.

Muuguzi aliandika tarehe tano kwa kalamu nyekundu: 1, 4, 8, 15 na 29. Mbili zina sahihi. Tatu ziko wazi. Tarehe 8 ni keshokutwa.

Najua utakachosema, maana ulishakisema tukiwa stendi: Bruno, yule mbwa wa mteja aliyekuuma usiku wa mwaka mpya, alishtushwa na fataki, siyo mgonjwa. Ni kweli mwaka huu fataki zilizidi. Upande wa barabara kuu zililia tangu saa sita kasoro mpaka saa saba, na mabanda yote kumi na mawili yalikuwa yanatikisika. Mbwa mzima akiogopa anauma. Lakini mgonjwa naye anauma, na usiku ule, kwa tochi ya simu, mimi sikuweza kutofautisha na wewe hukuweza. Mate, kutetemeka, kung'ata wavu, kumwangalia mtu anayemjua kama hamjui: hayo nimeyaona kwa mbwa wa kikosini aliyesikia mlipuko, na nimeyaona kwa mbwa aliyekufa siku ya nne. Nimeshika kamba ya mbwa wa polisi miaka ishirini na miwili, na sijapata jicho la kuona kirusi.

Utasema tena kwamba mbwa akimaliza siku kumi akiwa mzima, basi siku aliyouma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Hapo uko sawa, na ndiyo hesabu ninayoifuata hapa nyumbani. Lakini siku kumi za Bruno zinaisha tarehe 11, na sindano yako ni tarehe 8. Hesabu hiyo, mama, huwezi kuizunguka. Mbwa hawezi kukujibia keshokutwa swali ambalo jibu lake liko mbele siku tatu.

Jirani yetu wa upande wa mgomba alikuja asubuhi ile ya mwaka mpya akasema tummalize Bruno kwa shoka, yaishe. Nilimkatalia. Ukishamuua mbwa aliyeuma, umeua na jibu lako. Yuko banda la kumi na mbili peke yake, kufuli mbili, bakuli lake halichanganywi na mengine, na hakuna anayeingia isipokuwa mimi. Afisa mifugo wa kata amekuja ameandika. Kila asubuhi na jioni naandika: amekula, amekunywa, amesimama, ameitika jina. Mpaka leo yote ni ndiyo. Lakini leo ni tarehe 6.

Na kidonda kiko mkononi. Mtu akiumwa kisigino, kirusi kina safari ndefu ya kupanda kwenye mishipa ya fahamu mpaka kichwani. Mkono una mishipa mingi na njia ni fupi. Haya utafundishwa na wanaojua kuliko mimi, na utayajibu kwenye mtihani na utapata alama zote, sina wasiwasi na hilo. Wasiwasi wangu ni kwamba unaanza kuyajua kama somo la wanyama, kana kwamba wewe mwenyewe huna damu. Dalili zikishaanza hakuna daktari wa kumrudisha mtu. Kabla hazijaanza, kuna sindano. Katikati ya hayo mawili hakuna kitu kingine.

Kwa hiyo kesho ukishuka stendi ya Msamvu kuchukua kifurushi, usirudi chuoni ukasema utakwenda wikiendi. Keshokutwa asubuhi anza zahanati ya chuo. Kama chanjo haipo, nenda hospitali ya mkoa. Usikubali neno "rudi wiki ijayo" bila kuuliza wapi pengine inapatikana. Na uwaulize jambo moja zaidi: ile dawa nyingine, ya kuchomwa pale pale kwenye kidonda, ambayo huku tuliambiwa haipo. Inatakiwa itolewe pamoja na sindano ya kwanza, na ikichelewa mwisho wake ni siku ya saba baada ya sindano hiyo. Siku ya saba ni hiyo hiyo tarehe 8. Wakikuuliza uliosha kidonda vipi, wape ukweli.

Hapo kwenye kuosha nimefikiria sana. Nilikufungulia bomba, nikakupa kipande cha sabuni, nikakimbilia banda la nane kwa sababu komeo halikuwa limeingia na yule jike wa Mzungu wa Maji ya Chai alikuwa anajirusha ukutani. Inatakiwa robo saa, sabuni na maji yanayotiririka. Sijui ulisimama pale dakika ngapi. Mwenye kujua ndiye alipaswa kusimama na saa mkononi, siyo binti anayetoka damu.

Nyumbani kumepungua sana. Wateja waliotuachia mbwa wakaenda Moshi na Rombo kwa Krismasi wamerudi karibu wote, tumebaki na mbwa watano na hao wawili wanachukuliwa kesho. Mama yako anasema kimya hiki kinamkosesha usingizi kuliko kelele. Mimi bado naamka saa kumi na moja. Mdogo wako anaamka saa kumi na mbili na nusu, na anapoamka anasafisha kwa ndoo moja: anamwaga maji, anamwaga Jiki juu ya kinyesi, anasukuma kwa fagio, amemaliza. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema dada. Sitaki kuamini. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba Jiki juu ya uchafu haifanyi kazi, kwamba kwanza unazoa, pili unaosha kwa sabuni, tatu ndiyo dawa, na unaiacha ikae dakika kumi. Kirusi cha pavo, ule ugonjwa wa kuhara wa mbwa, kinakaa kwenye udongo mwaka mzima na zaidi. Mtoto wa mbwa mmoja akiharisha damu hapa, tumefunga geti. Mwandikie mdogo wako, wewe anakusikiliza.

Yule mzee wa Tengeru mwenye mbwa wa kizungu, yule wa masikio marefu, amekuja kumchukua leo akauliza, "Binti yuko wapi?" Nikamwambia yuko Sokoine, anasomea udaktari wa wanyama. Nimelisema kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Mbwa wake hajala vizuri tangu jana ulipoondoka. Nilimpa ugali wa dona na dagaa kama kawaida, akalala mbele ya bakuli anaangalia geti. Mama yako akampikia mapupu, akalamba mchuzi tu. Nimemwambia mzee ukweli kwamba mbwa amekukosa. Ametoa elfu kumi zaidi, amesema ni yako ya daftari. Iko ndani ya bahasha pamoja na kadi. Ni ya daftari, Neema, na nauli ya kwenda hospitali.

Mwenye Bruno naye amekuja leo mchana. Gari bado lina tope la mlimani. Alitaka mbwa wake, nikamwambia mpaka tarehe 11. Akapandisha sauti, akasema mbwa wake anakula nyama na analala ndani, mbwa kama huyo atapata wapi kichaa. Nikamwomba kadi ya chanjo. Akaenda kwenye gari, akarudi nayo. Imeandikwa jike, mweusi. Bruno ni dume, wa kahawia, hata mtoto anaona. Akasema walikosea kuandika. Sikubishana, nilimrudishia nikamwambia mbwa hatoki. Siku hizi tano sitamtoza.

Kuhusu daftari la mapokezi. Utakumbuka tarehe 23 Desemba ulikuwa umeshika kalamu, watu wamejaa getini, ukaniuliza "Baba, kadi ya huyu iko wapi?" Nikakujibu nimeiona, ukaandika "ipo". Leo nimeufuta huo mstari nikaandika "haikuonekana", na nimeweka sahihi yangu, siyo yako. Alikuwa amelipa siku kumi na nne mbele, elfu kumi na tano kwa siku. Laki mbili na kumi. Ada ya mdogo wako ilikuwa inadaiwa na shule inafungua. Alisema kadi atatuma picha akifika. Ule ubao wa getini, MBWA BILA KADI HAPOKELEWI, ni mwandiko wako wa darasa la saba, na kila mteja tumemsomea. Nimepita chini yake leo mara nyingi.

Mama yako hajui hilo la kadi. Nitamwambia. Nimetaka wewe ulijue kwanza.

Usiwaambie wenzako kwamba baba yako alikuwa polisi wa mbwa ili wakupe mbwa wagumu kuwashika kwenye mafunzo. Nakujua. Ujasiri wako naupenda, na ndio uliokufanya uingize mkono kwenye banda la Bruno ukiwa umevaa kandambili. Ningekuwa mimi ningechukua ubao kwanza. Nilishakwambia: kati ya meno na nyama weka kitu. Ubao, ndoo, hata koti. Kikosini aliyeingiza mkono mtupu alikatwa siku za likizo, na ilikuwa sawa. Buti zako nimezifunga kwenye kifurushi, chini ya unga. Uzivae.

Kwenye kifurushi pia kuna dona kilo tano, dagaa wa Mwanza wa kwako siyo wa mbwa, sweta ambalo mama yako anasema hulihitaji Morogoro na mimi nasema mvua ikinyesha milima ya Uluguru utalihitaji, na parachichi sita ambazo hazijaiva. Zifunge kwenye gazeti.

Bati la banda la tatu limetoboka tena. Nilitaka kulibadilisha mwezi huu, sasa litasubiri, nimeziba kwa lami. Bomba la nyuma linatoa maji usiku tu, kwa hiyo tunajaza mapipa kuanzia saa tano. Kupe wamekuwa wengi tangu mvua za Desemba, nimewaogesha wote watano juzi, na Taiga wetu nimemtoa kumi na nne sikio moja. Anakutafuta chumbani kwako. Mama yako amemruhusu alale mlangoni, jambo ambalo miaka yote hakuliruhusu.

Sitaki ukae huko ukijiona mgonjwa. Soma. Kula. Nenda kanisani ukipata nafasi. Ila keshokutwa usiwe na shughuli nyingine yoyote mpaka umechomwa. Mwalimu akikataa kukuruhusu mpe namba yangu. Rafiki akikwambia mkwaruzo tu, mwonyeshe matundu mawili, maana mkwaruzo hauna matundu. Ukishachomwa, piga picha ya kadi, sahihi ionekane, unitumie. Usiandike "tayari". Nataka kuona sahihi. Na tarehe 15 vivyo hivyo. Kuhusu tarehe 29, kama Bruno amefika 11 akiwa mzima na daktari wa huko akasema zimetosha, basi mwenye kusema awe daktari, siyo wewe na siyo mimi.

Sasa ni saa tatu usiku. Nimetoka banda la kumi na mbili. Nimeweka maji kwenye bakuli jeupe ili nione yanavyopungua, nikasimama na tochi. Amekunywa. Amekunywa mpaka akafika chini, akameza vizuri, akainua kichwa akaniangalia. Nimeandika. Bado siku tano.

Basi linaondoka alfajiri, dereva msaidizi ni yule aliyesoma na mjomba wako, nimempa namba yako. Uwe Msamvu kuanzia saa tisa alasiri, usimsubirishe.

Ni mimi baba yako.

Kadi iko ndani ya bahasha, katikati ya daftari la kijani, nimeibana kwa klipu. Nimeinyoosha kwa pasi ya mkaa juu ya kitambaa, ile tarehe 8 ilikuwa imefifia kwenye mkunjo, nikaikolezea kwa kalamu.