Shukrani kwa Aliyenielekeza Kurekodi Dramu za Kielektroniki

Ndugu yangu ambaye jina lako sikulipata, pokea shukrani zangu za dhati kwa subira uliyonionyesha nilipotaka kuunganisha dramu za kielektroniki na vifaa vyangu vya kurekodia nyumbani. Ulinieleza kwamba moduli ya dramu, yaani kisanduku kinachotengeneza milio yake, hutoa sauti ambayo tayari ina nguvu, hivyo nyaya zake mbili, wa kushoto na wa kulia, zenye plagi za milimita 6.35, ziingie kwenye matundu ya laini (line) ya kifaa cha kurekodia na si ya maikrofoni, kisha nipige kwa nguvu zangu zote huku nikipunguza kiwango mpaka vilele vya sauti vikome karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, yaani kikomo ambacho sauti ikikipita hukwaruza. Matoazi, ambayo awali yalikwaruza masikio, sasa yanalia safi hadi mlio unapofifia.

Lililonifaa zaidi, kwa maoni yangu, ni waya wa USB. Kupitia MIDI, mfumo wa mawasiliano ya vyombo vya muziki uliopo tangu 1983, kompyuta huandika pigo lenyewe na nguvu yake badala ya sauti, kwa hiyo naweza kubadilisha mlio wa snea, ile ngoma yenye mlio mkali, hata baada ya kurekodi, bila kupiga upya. Hukunidai chochote, nami nakuombea heri na afya njema.