Risala ya kikundi cha wagonjwa wa matatizo ya ulaji na familia zao kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Viongozi wa meza kuu,
Wataalamu wa afya, wazazi na ndugu waalikwa,

Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu, nakukaribisha kwa moyo mkunjufu na kukushukuru kwa kuitikia wito wetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kikundi hiki ni cha watu waliougua au wanaougua matatizo ya ulaji, pamoja na wanaowauguza. Wapo wenye anoreksia, wanaojinyima chakula hadi mwili unakongoroka. Wapo wenye bulimia, wanaofakamia chakula kisha wakajitapisha kwa siri. Wengine ukipishana nao njiani hutadhani wanaumwa, kwani utapiamlo haumwandami mwembamba peke yake. Anayejitapisha kila siku anaweza kuwa na mwili wa wastani, ilhali madini ya potasiamu yamepungua katika damu yake kiasi cha kuvuruga mapigo ya moyo.

Jambo tulilokuitia ni hili: njaa yenyewe huiumiza akili. Tumezoea kusikia kwamba mgonjwa hagusi chakula kwa kuwa akili yake imevurugika. Ni kweli, ila akili hiyo huzidi kuvurugika kwa kuwa hagusi chakula. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Chakula kikikosekana muda mrefu, nao hunyauka.

Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys na wenzake waliwachukua wanaume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili. Baada ya miezi michache ya kula kawaida, walipunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita, wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hao hawakuwa na hofu yoyote ya kunenepa. Hata hivyo walianza kuwaza chakula usiku na mchana, wakawa wanasoma vitabu vya mapishi na kula polepole mno. Wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga na marafiki, wakazama katika huzuni. Hata waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walifakamia chakula na bado wakajiona hawajashiba.

Mama mmoja kati yetu alipoisikia habari hii alilia. Kwa miaka miwili alikuwa akimwita binti yake mkaidi, kumbe sehemu ya ukaidi ule ilikuwa njaa ikisema.

Mheshimiwa mgeni rasmi, hatusemi kwamba chakula peke yake kinaponya. Hofu ya kunenepa, chuki dhidi ya mwili na machungu ya zamani vinahitaji mtaalamu wa kuzungumza na mgonjwa, tena kwa muda mrefu. Lakini mazungumzo hayo hayafiki mbali kwa mtu ambaye ubongo wake una njaa. Mwenzetu mmoja aliambiwa kliniki ya afya ya akili kwamba arudi akishaongeza uzito. Alipokwenda kwa watu wa lishe, akaambiwa tatizo lake ni la kichwani. Alizungushwa hivyo miezi mitano, na miezi yote hiyo alikuwa akipungua.

Upo pia upendo unaodhuru. Ndugu huona mgonjwa amebaki mifupa, wakamjazia sahani na kumhimiza aimalize. Kwa aliyekaa na njaa siku nyingi, chakula kingi cha ghafla kinaweza kushusha madini ya fosfati, potasiamu na magnesiamu katika damu, hata moyo ukasimama. Mlo wa kwanza wa mtu kama huyo unahitaji daktari na vipimo vya damu.

Ombi letu kubwa kwako ni kutusaidia ili mtaalamu wa lishe na wa afya ya akili wamwone mgonjwa huyu pamoja, siku moja, kwa faili moja. Pia tunaomba wahudumu wa afya wafundishwe kutosubiri hadi mtu akonde ndipo wamsikilize. Wapo wenzetu waliorudishwa nyumbani kwa sababu mizani ilisema ni wazima.

Naomba kuwasilisha.