Barua kwa mwanangu wa Nansio kuhusu cherehani cha bibi yako

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako kwamba umekitoa stoo cherehani cha bibi yako, kwamba gurudumu halizunguki, na kwamba fundi mmoja amekushauri ukifunge mota au ukiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo kabla hujanisikiliza.

Unyevu wa ziwa huleta kutu, ni kweli, lakini naamini kilichokigandisha ni mafuta ya kupikia, ambayo mimi mwenyewe nilikitia nikiwa msichana, siku mafuta ya cherehani yalipokwisha. Kilikwenda vizuri kwa siku chache, kisha mafuta yakawa kama gundi, na mama, yaani bibi yako, akakaa wiki nzima bila kushona sare za shule ambazo alikwisha kulipwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Basi tia mafuta ya taa kidogo kidogo katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, mbali kabisa na moto, ukiache usiku kucha, kisha ulitikise gurudumu mbele na nyuma bila kulilazimisha. Likishaachia, futa uchafu wote na utie mafuta halisi ya cherehani, tone moja moja. Yale maua ya dhahabu usiyafute kwa spiriti, kwani huyeyusha vanishi inayoyalinda.

Vipuri visikutie hofu. Hicho ni Singer 15K kilichoundwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980, lakini umbo lake limeigwa na cherehani za Butterfly za China, ndiyo maana bobini (vile vigurudumu vidogo vya uzi wa chini) na sindano zake zingali zinauzwa. Mkanda mpya wa ngozi utalegea baada ya siku chache za kukanyaga. Ukate kama sentimita moja na uufunge tena.

Mota iache kwanza. Umeme ukikatika utaendelea kushona, na katika kona ya kola miguu yako itaweza kupiga mshono mmoja tu na kusimama. Mama alinifundisha kukanyaga kwa kulegeza ile skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la juu, sindano ikatulia, nami nikawa nakanyaga tu, mguu wa kulia mbele kidogo na wa kushoto nyuma, mpaka gurudumu likazoea kuzunguka kuja upande wangu. Likirudi kinyume, uzi hujisokota chini na kukatika. Kisha alikaza skrubu, akanipa karatasi ya daftari, bila uzi, niifuate mistari yake kwa sindano. Siku ya nne ndipo aliponikabidhi kipande cha kitenge.

Mkanda ukishakaa, nipigie. Nitapanda meli ya Nansio, nije na sindano namba 14 na kikopo cha mafuta.

Shangazi yako,
Kirumba, Mwanza